Umeme Uje Mezani, Tumechoka Kuuinamia



Leo hatukuja na mishono wala bei ya madira. Tumekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa soketi. Msicheke. Someni kwanza, kisha kila mmoja akaangalie chumba chake, aone soketi iko wapi na kazi anaifanyia wapi, halafu atuambie kama sisi ndio wendawazimu.

Soketi ya chumba cha Kitanzania ina mahali pake panapojulikana. Iko chini, shubiri moja na nusu kutoka sakafuni, kwenye ukuta ule ule ambao kitanda au kabati au kochi lazima liegemee, kwa sababu ukuta mwingine una mlango na mwingine una dirisha. Mara nyingi ni moja tu. Fundi aliiweka hapo kwa kuwa waya ulimfikia hapo kwa urahisi. Akapiga plasta, akalipwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo mwanamke wa nyumba hiyo anaingiza mkono nyuma ya kochi akipapasa gizani, utadhani anatafuta pweza pangoni.

Sisi ni washonaji. Tuko wanne katika chumba kimoja hapa Kwaluguru, upande wa Handeni, mkoa wa Tanga. Wawili ni Wapemba walioolewa bara, wawili ni Wazigua wa hapa hapa, na baadhi yenu mnatujua kwa mizigo inayovuka bahari kila karibu na Idi. Elimu yetu ni kidato cha nne na kozi ya cherehani. Hatukusomea umeme na hatujidai. Lakini tunakaa mezani saa kumi kwa siku, na mtu anayekaa mezani saa kumi ana haki ya kusema meza hiyo ipate wapi umeme.

Meza yenyewe siku hizi si ile ya mama zetu. Wao walishona kwa kukanyaga, umeme kwao ulikuwa wa taa tu, na wengi hata huo hawakuwa nao. Meza yetu ina cherehani ya mota na ovaloki ya mota. Ina taa ndogo ya kumulika uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na anayeshona mabuibui anajua kwa nini. Ina laptopu tunayohifadhia vipimo vya wateja na picha za mishono, na pembeni ina printa, maana tunachapia watu barua na fomu za shule. Halafu zipo simu nne. Simu ndiyo duka lenyewe. Picha ya gauni inakuja kwa WhatsApp kutoka Wete au Chake, vipimo vinakuja kwa ujumbe wa sauti mtu akijipima mwenyewe na kujidanganya kiunoni, malipo yanakuja kwa simu, na hata uniti za Luku tunanunua kwa simu. Simu ikizima na uniti zikiisha siku moja, umefungwa pande zote mbili: huna umeme wa kuchaji simu, wala huna simu ya kununulia umeme.

Vitu vyote hivyo vinataka tundu, na vinalitaka pale mkono ulipo. Chumba chetu tulikipangisha kikiwa na soketi moja, nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango, jamani! Mteja akisukuma mlango aingie, mlango unagonga plagi, cherehani inazima katikati ya mshono, na sindano inabaki imezama kwenye satini ya watu.

Nani aliamua iwe hapo? Si mwanamke. Tunasema hivyo bila woga kwa sababu tumeuliza. Tumewauliza mafundi watatu kwa nyakati tofauti kwa nini soketi inakaa chini na nyuma ya vitu, na wote watatu wametujibu neno moja: ndiyo kawaida.

Kawaida ya nani? Tuichunguze hiyo kawaida ilikotoka. Soketi yetu ya matundu matatu ya bapa ni ya Kiingereza. Mwaka 1942, vita vikiwa vinaendelea, Waingereza waliunda kamati ya kufikiria umeme wa majumbani utakavyokuwa baada ya vita. Kamati ilikuwa na watu 20, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, aliyekuwa mkurugenzi wa chama cha wanawake cha mambo ya umeme huko kwao. Yeye ndiye aliyesimamia kwa nguvu usalama wa watoto. Kiwango cha soketi hiyo kikatoka mwaka 1947 kikiwa na vilango vidogo ndani, vinavyofunga yale matundu mawili ya chini mpaka mguu mrefu wa juu uingie kwanza. Mtoto akichomeka msumari tundu la chini, haupiti.

Basi sasa angalieni tunavyofanya. Chaja nyingi zinazouzwa magulioni zina miguu miwili ya duara, haziingii vizuri. Mtu anachukua kijiti au mfuniko wa kalamu, anachokoa tundu la juu vilango vifunguke, anaichomeka chaja kwa nguvu, na kijiti anakiacha kimening'inia hapo wiki nzima. Anafanya hivyo akiwa amepiga magoti, kichwa kiko chini ya meza, haoni vizuri anachokifanya. Mwanamke mmoja alipigania vilango vile katikati ya wanaume 19, na sisi tunavifungua kwa kijiti cha mshikaki kwa sababu soketi iko mahali ambapo hakuna anayeona kinachoendelea. Ingekuwa mbele ya macho, juu ya meza, hata mtoto wa jirani angeuliza, mama, hiki kijiti cha nini?

Na hao hao Waingereza wameshaihama hiyo kawaida ya chini. Tangu mwaka 1999 kanuni zao za ujenzi wa nyumba mpya zinataka soketi na swichi ziwe kati ya sentimita 45 na sentimita 120 kutoka sakafuni, ili mzee asiyeweza kuinama na mtu wa kiti cha magurudumu wafikie. Kwa hiyo fundi anayetutetea kawaida anatetea desturi ambayo wenyewe waliotuletea wameshairekebisha. Bibi zetu wenye magoti mabovu wanawakosea nini mafundi hawa?

Tuseme na la stara, maana ukumbi huu ni wa wanawake na tunaelewana. Duka la cherehani haliingiwi na wanawake peke yao. Wanakuja waume kuchukua kanzu, wanakuja vijana kupunguza suruali. Na wewe mwenye baibui lako na mtandio wako unatakiwa uinamie chini ya meza, uchomoe hiki uchomeke kile, mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi. Mara ngapi kwa siku? Sisi tulihesabu siku moja ya kawaida, siku ya gulio, tukafika mara 14. Mmoja wetu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Hatujaona mwanamume akiinamia kazi yake namna hiyo. Kinyozi ana soketi yake mbele ya kioo, usawa wa kifua, mashine inaning'inia mkononi mwake. Fundi simu ana soketi juu ya meza. Kwa kinyozi hakuna aliyesema kawaida ni chini nyuma ya kochi.

Kwa kuwa soketi iko mbali, watu hununua ekstensheni. Hapa ndipo hasira yetu ilipo, kwa hiyo mtuvumilie tukirefusha.

Soketi ya ukutani ya aina hii imetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni karibu wati 3,000. Chaja ya kawaida ya simu inakula wati 5 mpaka 20 hivi, laptopu ya kawaida kama wati 65, taa ya mezani ni kidogo kabisa. Ukiviweka vyote hivyo pamoja hujafika hata wati 300. Kwa hiyo si simu inayounguza nyumba. Adui ni pasi, ambayo peke yake inakula wati 1,000 na kuendelea, ya mvuke inapita 2,000, na nyuma yake jagi la kuchemshia maji ya chai. Hivyo vikichomekwa kwenye ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba kama uzi wa kudarizi, waya unapata moto hata kama nje ya boksi wameandika 13A kwa herufi kubwa. Ukiwa umekunjwakunjwa chini ya kapeti ili usionekane, ule moto hauna pa kutokea. Na katika duka letu juu ya kapeti kuna nini? Vipande vya vitambaa. Pamba, nyuzi, karatasi za patani. Hata mwenye kuni hawezi kupanga vizuri zaidi ya hapo.

Halafu ekstensheni yenyewe ina matundu manne na vitu ni saba, basi ndani ya ekstensheni inachomekwa ekstensheni nyingine. Waya unapita njiani, kati ya mlango na meza, na mteja anaruka. Mwaka jana mwanafunzi wetu alibeba kikapu cha sare za shule, hakuona chini, mguu ukanasa kwenye waya, na pasi ikavutwa kutoka mezani. Mtoto wa mteja alikuwa amekaa mkekani hatua moja kutoka hapo. Mwenyezi Mungu alitustiri, ikaunguza gauni la bi harusi tu. Tunasema "tu", lakini gauni lile tulilipa sisi.

Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na akatutahadharisha na panya, kwamba anaweza kuivuta tambi ya taa akawaunguza wenye nyumba. Panya hao bado tunao huku. Siku hizi wanatafuna waya wa ekstensheni uliofichwa nyuma ya kabati, na plagi yake haizimwi usiku kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kusogeza kabati usiku ili kuizima.

Kinachotukera zaidi ni kwamba kazi ngumu imeshafanyika. Umeme umeletwa kutoka mbali. Hapa kwetu, Hale katika Wilaya ya Korogwe, maji ya Mto Pangani yanazungusha mitambo tangu mwaka 1964, kituo kilichojengwa kwa uwezo wa megawati 21, na chini zaidi kwenye mto huo huo kikaongezwa kituo kipya cha Pangani mwaka 1995 cha megawati 68. Nyinyi ndugu zetu wa Pemba mliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Wa Unguja mnaujua vizuri uchungu wa kukosa, maana mlikaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Na vijijini, kupitia miradi ya REA, mtu wa kawaida anaunganishwa kwa shilingi 27,000. Milima imepitwa, bahari imepitwa. Zimebaki hatua mbili kutoka ukutani hadi mezani, na hizo ndizo zinaachwa kwa ekstensheni ya gulioni na mgongo wa mwanamke!

Mlango wa kuingilia upo, na wengi hawaujui. Fundi wa kutandaza nyaya anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na kabla ya kuomba kuunganishwa anatengeneza mchoro wa wayaringi wa nyumba. Mchoro huo una alama ya kila taa, kila swichi na kila soketi. Unachorwa kwa kalamu, na kalamu inafutika. Tindo likishachimba ukuta, hapo tena ni gharama na maneno. Sasa nani anauona huo mchoro? Anaonyeshwa mwenye nyumba, au baba watoto, naye anaitikia sawa sawa bila kuuangalia, isipokuwa jambo moja ataliuliza: ya televisheni iko wapi? Haki ya Mungu, katika nyumba nyingi soketi ya televisheni ndiyo pekee iliyofikiriwa. Inawekwa juu, usawa wa kitu chenyewe, tena mbili mbili ili king'amuzi nacho kisihangaike. Hatuna ubaya na mpira. Tunauliza tu kwa nini king'amuzi kionewe huruma kuliko mama anayelipia king'amuzi.

Kwa nyumba ndogo za chumba kimoja au viwili kuna kile kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kinafungwa ukutani kikiwa na swichi, soketi na kikata umeme humo humo, bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni kitu kizuri, kimewasaidia wanyonge. Lakini kwa kuwa kila kitu kiko hapo, mahali kinapofungwa ndipo maisha yako yote ya umeme yatakapokuwa. Mafundi wanakuja na haraka zao, wana nyumba nyingine za kwenda. Basi meza iwe imeshapangwa kabla hawajabisha hodi, na mwenye meza awe amesimama hapo hapo.

Tunayajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni gharama. Tumefanya hesabu: soketi ya ziada ni mita chache za waya, kiboksi, kifuniko chake na kazi ya nusu siku, na ukilinganisha na gauni moja la harusi lililoungua hakuna cha kubishania. Anayejenga ndiyo kwanza asiseme kabisa habari ya gharama, maana kupandisha soketi futi mbili juu wakati ukuta bado haujapigwa plasta ni kipande cha waya tu. La pili ni watoto, eti soketi ikiwa juu ya meza watoto wataichezea. Mtoto anayetambaa yuko wapi, juu ya meza au sakafuni? La tatu ndilo linalotuudhi, kwamba nyinyi wanawake mnahamisha vitu kila wiki, tukiweka hapa kesho mtataka pale. Kweli tunahamisha makochi. Cherehani haihamishwi, baba. Inakaa kwenye mwanga wa dirisha, na dirisha halijawahi kuhama.

Wapo pia wanawake wenzetu wanaosema hili ni dogo, kuna njaa na kuna magonjwa, nyinyi mnahangaika na matundu ya chaja. Shoga, ni dogo kwa anayechaji simu moja usiku. Kwa anayekula kwa mashine, kila kuinama ni dakika, na kila mashine ikizima ni uzi uliokatika. Mwisho wa mwezi zile dakika ni kodi ya chumba.

Sasa meza yenyewe tunaitaka vipi? Tuseme, ili kesho tusiambiwe tunalalamika bila kujua tunachotaka.

Meza ya kazi huwa na urefu wa futi mbili na nusu kutoka sakafuni. Tunataka soketi ya ukutani iwe shubiri moja juu ya uso wa meza, yaani kama futi tatu na robo, na iwe pembeni ya mkono wa kulia kwa anayetumia kulia, si katikati nyuma ya mashine ambapo kitambaa kinamwagikia. Iwe ya matundu mawili na kila tundu liwe na swichi yake, ili usiku unazima kwa kidole bila kuchomoa. Pasi iwe na soketi yake peke yake ukutani, karibu na ubao wa kupigia pasi, isije kabisa kwenye meza ya cherehani na laptopu. Huu ni msimamo, hatupunguzi bei hapo.

Palipo na nyumba ya kupanga na mwenye nyumba amekataa ukuta wake usiguswe, itumike ekstensheni, lakini nzuri, moja, yenye waya mnene, na ifungwe kwenye meza kwa skrubu, isiachwe sakafuni. Waya ushuke kwa nyuma ya mguu wa meza ukibanwa kwa vibanio, uende ukutani kwa kufuata pembe ya chumba. Na hapa tunawaambia wauza meza za kisasa, zile zenye matundu ya kuchaji yaliyotobolewa juu ya ubao yakiangalia dari: hizo mlizitengeneza kwa mtu anayekaa mezani na daftari moja na kikombe cha maua. Kwetu juu ya meza kuna pini na sindano, vumbi la chaki na manyoya ya kitambaa, na saa nne kuna chai. Tundu linaloangalia juu litameza pini siku ya kwanza. Matundu yaangalie pembeni, yawe kwenye ubavu wa meza au kwenye kibao kilichosimama nyuma yake, mkono uyafikie bila kifua kulalia mashine. Yasiwe chini ya ukingo wa mbele vilevile, kwa sababu magoti na pindo la gauni vinapita hapo, na mtoto akishika ukingo asimame, vidole vyake vinaishia hapo hapo.

Maseremala nao wana lao. Meza inatengenezwa mgongo umezibwa kwa mbao mpaka chini, droo tatu upande huu na tatu ule, imepigwa vanishi inang'aa, na hakuna hata tundu la kidole la kupitisha waya. Ukimwambia atoboe anaona unamharibia kazi. Toboeni tundu la inchi mbili na nusu kwenye pembe ya nyuma, plagi ya miguu mitatu ipite, na mlilainishe kwa msasa lisije likakata waya. Dakika kumi za kazi.

Na laptopu isigeuzwe kuwa soketi. Wasichana wetu wana tabia ya kuchomeka simu ubavuni mwa kompyuta kwa kuwa tundu hilo liko karibu, na tunawaelewa, liko karibu. Lakini tundu la kawaida la USB la zamani linatoa volti 5 na nusu ampea, wati mbili na nusu tu. Simu inachajiwa kutwa nzima haijai, huku laptopu inaishiwa betri. Kwa simu, soketi ya ukutani yenye tundu za USB pembeni, au chaja yake halisi kwenye tundu la mezani. Kompyuta tuiachie kazi yake.

Sisi chumba chetu tumeshakibadilisha. Mwenye nyumba alibisha wiki tatu, mwishowe tulimwita akae kwenye kiti chetu saa moja, siku ya gulio, ashike simu za wateja na achaji mwenyewe. Hakumaliza saa. Soketi mbili zimewekwa juu ya meza, ya pasi iko peke yake, na ile ya nyuma ya mlango tumeizima kwenye kikata umeme.

Mtu yeyote anayejenga au anayetarajia fundi wa umeme mwezi huu, afanye kama tulivyofanya kwa jirani yetu. Kabla fundi hajaja, weka meza au hata ndoo mbili na ubao mahali utakapofanyia kazi, kaa kwenye kiti chako, nyosha mkono bila kuinuka, na palepale vidole vinapogusa ukuta piga msalaba kwa chaki ya cherehani. Akija mwambie mchoro uanzie hapo kwenye msalaba. Akisema ndiyo kawaida kuwa chini, mkalishe kwenye kiti. Chaki ya bluu haionekani vizuri kwenye saruji mbichi, tumieni nyeupe.